Nusu ya Korido

Katika miaka thelathini na minne ya kushona mapazia, Bi Futi hajawahi kubaki na kitambaa cha mteja. Hata ukanda. Hata kipande kisichotosha kufutia miwani. Mafundi wengine tunawajua: wanakata, wanashona, mabaki wanayasukuma chini ya meza kwa mguu, na baada ya miezi sita watoto wao wanakwenda shule na mabegi yenye maua ya mapazia ya watu. Bi Futi hapana. Yeye mabaki aliyakunja, akayafunga kwa uzi mweupe, akayaweka juu ya pazia lililokwisha na kusema, "Na hivi ni vyako." Wateja wengine walivitupa pale pale nje ya mlango, naye akaviokota na kuwakimbilia navyo. Mtu mzima na akili zake, yuko barabarani anahema, anamrudishia mtu vidole viwili vya kitambaa.

Jina la Bi Futi alilipata kwa ile futi ya fundi aliyoining'iniza shingoni tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja aliisahau akaenda nayo msibani, na hakuna aliyeshangaa. Mume hakuwahi kuwa naye, watoto hakujaliwa. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, nusu ya nyumba, na mdogo wake mmoja wa kike aliyekuwa mbali.

Hiyo nusu ya nyumba ndiyo nitakayokusimulia, maana ndiyo iliyomwumiza.

Baba yao alikuwa mwashi, na nyumba aliijenga kwa mikono yake: mlango wa mbele, korido moja iliyonyooka mpaka mlango wa uani, vyumba viwili kushoto, vyumba viwili kulia. Alipoona siku zake zimekaribia aliita mashahidi wawili, ikaandikwa karatasi. Vya kushoto vya mkubwa, vya kulia vya mdogo, korido nusu kwa nusu. Alisema hataki binti zake waje wagombane. Alidhani anawajua binti zake, mzee wa watu. Mdogo karatasi ile aliisoma mara moja akaisahau. Mkubwa aliiweka kichwani neno kwa neno, na tangu siku hiyo hata ufagio wake aliupitisha upande wa kushoto, wa kulia akaufagia kama mtu anayemfanyia kazi jirani.

Mdogo alipoolewa akaenda kuishi kwa wakwe, alifunga vyumba vyake, ufunguo mmoja akaondoka nao, wa pili akamwachia dada yake. Miaka kumi na minane Bi Futi alikaa na ufunguo ule bila kuugusa pasipo ruhusa. Kuna wakati panya alifia ndani. Harufu ilijaa korido nzima, wateja wakaziba pua. Bi Futi akapiga simu.

"Mdogo wangu, kuna panya amefia chumbani kwako. Naomba ruhusa nifungue."

Mdogo akasema, "Dada, panya naye unaniombea ruhusa?"

"Chumba si changu."

"Mtoe huyo panya, dada."

Kisa hiki Bi Futi alikisimulia kwa watu miaka na miaka, tena kwa kujisifu, kuonyesha jinsi yeye asivyo na mkono wa kugusa cha mwenzake. Watu walicheka. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mdogo wake siku ile hakucheka.

Sasa mwaka jana Bi Futi aliteleza bafuni. Kifundo cha mguu kikageuka, nyonga ikagonga sakafu, akalala pale tangu asubuhi, maji ya ndoo yakimtiririkia mgongoni, akiita mpaka sauti ikakauka. Alasiri mteja aliyefuata pazia lake ndiye aliyesikia, akavunja kitasa. Mguu ulipona baada ya wiki sita. Hofu haikupona. Kila alipoingia kuoga aliacha mlango wazi, mwanamke mwenye haya zake, kwa sababu alikuwa anaogopa kufia mle ndani peke yake na kugunduliwa kwa harufu. Hili hakumwambia mtu. Mdogo wake alipopiga simu kumjulia hali, alimjibu, "Nimeteguka kidogo tu, nishapona." Kujikaza kisabuni ndiko alikokujua.

Kwa hiyo mdogo alipopiga tena mwezi uliopita, Bi Futi alilazimika kukaa chini. Mume wa mdogo alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo mjane huyo aliendelea kuishi kwa wakwe.

"Dada, huku nimechoka," alisema. "Nataka nije nione vyumba vyangu. Ijumaa ya wiki ijayo. Moyo ukitulia nitakaa. Usipotulia, yule muuza magodoro wa hapo kwenye kona bado ananisumbua nimuuzie, na mimi nitamuuzia, nitafute pa kuishi kwingine. Nakwambia mapema usije ukasema nimekuficha."

"Moyo utatulia," Bi Futi alisema.

"Tutaona, dada."

Basi, siku kumi. Bi Futi alikata simu, akatoka nje, akafunga mlango wa mbele, akaufungua tena na kuingia kana kwamba ni mgeni. Akaona alichokuwa amekizoea. Korido nyembamba, giza, rangi ya mafuta iliyokuwa maziwa zamani na sasa ni chai. Lipu imevimba chini kwa unyevu. Swichi ya taa imezungukwa na weusi wa vidole vya miaka. Mtu akitoka kwenye machungu yake akaingia hapa, moyo utamtulia vipi? Ungemzimia.

Lakini alikuwa na wazo. Kwenye nyumba za wenye nazo, alikokwenda kutundika mapazia, alikuwa ameona kuta za mlangoni zilizopambwa kwa vibao vyembamba vilivyopigwa ukutani kama fremu za picha zisizo na picha. Chini ya kiuno rangi nzito, juu rangi nyepesi, katikati mkanda wa mbao unaokwenda moja kwa moja. Mtu ukiingia unajisikia umekaribishwa kabla hujakaribishwa. Siku moja alimuuliza mwenye nyumba ile imegharimu kiasi gani, yule mama akacheka. "Mbao tu na gundi, fundi wangu. Urembo wote ni rangi."

Mbao tu na gundi. Seremala wa jirani alikuwa na rundo la mabaki nyuma ya karakana yake, vibao vya upana wa vidole viwili, vinavyongoja kuwa kuni. Bi Futi akamwomba, akamlipa kwa kumrekebishia mkewe mapazia ya sebuleni. Akanunua gundi, misumari midogo, msasa, puti ya kuzibia nyufa, na rangi: makopo mawili ya maziwa, mawili ya kijani cha majani machanga. Akafunga duka siku tatu. Wateja wakanuna. Wanune.

Vibao vya kwanza aliviharibu vyote. Alipima ukuta vizuri, inchi kwa inchi, halafu akakata, na kila kibao kikazidi. Akapima tena, akakata tena, kikazidi tena, inchi moja kila upande. Akaenda kwa seremala amekunja uso, anamwambia msumeno wake una kasoro. Seremala alitazama zile alama za penseli, akatazama futi, akaanza kutetemeka mabega.

"Bi Futi, umeacha upindo."

Kweli. Miaka thelathini na minne mkono umezoea kuongeza inchi ya kukunja, umeongeza hata kwenye mbao. Seremala alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye unga wa mbao, macho yakawa mekundu. Kisha akamwazima kisanduku chake cha kukatia kona mshazari, akamfundisha vipande viwili vinavyokutana bila kuonyesha mshono. Hilo Bi Futi alilishika upesi. Mshono usioonekana ni kitu anachokijua.

Alilowesha lipu iliyovimba, akaikwangua, akaziba kwa puti, akapiga msasa mpaka kope zikawa nyeupe. Alipaka uzi chaki, akauvuta kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, akauachia ukapiga mstari ulionyooka. Hakuwa na pima maji, akatumia chupa ya kioo iliyojaa nusu, akailaza juu ya kibao na kutazama maji yamekaa sawa au yameegemea. Fremu tatu kubwa, mkanda kiunoni, kijani chini, maziwa juu. Alipomaliza, siku ya Jumatano saa nne, jua la mlangoni liliingia na kugonga ukuta ule, korido ikapata mwanga ambao haikuwahi kuwa nao hata baba yao alipokuwa hai. Bi Futi alikaa kwenye kigoda akautazama, akacheka peke yake.

Ukuta wa kushoto, nasema. Wa kulia hakuugusa.

Na pale mwisho wa korido, juu ya mlango wa uani, ambapo ukuta ni mmoja na nusu yake ni ya kila mtu, alitafuta katikati kwa futi, akapiga mstari wa penseli kutoka dari mpaka fremu ya mlango, akapaka mpaka kwenye mstari na kuishia hapo. Aliishia kwa ufundi. Ungeweka rula ungekuta hakuna tone lililovuka.

Seremala alipokuja kuchukua kisanduku chake alisimama katikati, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Na huu?"

"Huo wa mdogo wangu."

"Si ndiye anayekuja Ijumaa?"

"Ndiye. Rangi yake ipo, nimenunua ya kutosha kuta mbili. Vibao vyake nimeshakata, viko chini ya kitanda. Akija akiniruhusu, siku mbili nimemaliza."

"Mpigie simu sasa hivi umuulize."

"Nikimuuliza atajua. Nataka akute."

Seremala alijikuna kisogo. "Sasa atakuta nini, Bi Futi?"

Hilo swali lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa maishani, na alilijibu kwa kwenda kuleta kisanduku. Hapo mimi ningekuwepo ningemshika mkono na kumtia brashi kiganjani kwa nguvu. Lakini seremala ni mtu wa adabu, na mambo ya ndugu wawili hayaingilii. Alichukua chombo chake akaenda zake.

Alhamisi Bi Futi alivipiga msasa vibao vya mdogo wake mara ya pili, vikawa laini kuliko vyake mwenyewe. Hili liandikwe. Kimoja kilichokuwa na fundo la mbao alikibadilisha, akachukua kizuri kutoka kwenye akiba yake. Kisha akavifunga kwa uzi mweupe.

Ijumaa saa tatu gari la kukodi lilisimama mlangoni. Bi Futi alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la kutokea, amesimama barazani. Dereva akafungua buti, akatoa sanduku. Akatoa la pili. Akatoa furushi la matandiko, na jiko dogo la gesi lililofungwa kwa kamba. Bi Futi moyo ulimruka. Nani anakwenda kutazama chumba na jiko lake? Huyu amekuja kukaa. Ile "tutaona" ilikuwa maneno tu, ya mtu asiyetaka kuonekana amekosa pa kwenda.

Wakakumbatiana. Mdogo alikuwa amekonda, ana mvi zilizoanzia mbele. "Dada," alisema, na sauti ikamkatika, akabaki ameegemea bega la mkubwa wake zaidi ya kawaida.

"Pole na safari, mdogo wangu. Ingia. Ingia uone."

Mdogo akaingia. Alisimama hatua mbili kutoka mlangoni. Kwanza alitazama kushoto, na uso wake ukafunguka. Aliinua mkono akapitisha kidole kwenye mkanda wa mbao, polepole, mpaka kwenye kona ya fremu ya kwanza. Halafu akageuka kulia. Rangi ya chai, lipu iliyovimba, weusi wa vidole kwenye swichi. Akatazama mwisho wa korido, juu ya mlango wa uani, pale mstari ulipokatwa. Alitazama hapo muda mrefu sana.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi mwenyewe," Bi Futi alisema, kifua mbele. "Kwa mikono yangu. Huu ni wangu. Huo wako sijaugusa hata kwa ncha ya kidole."

Alisema kwa fahari. Ndivyo alivyosema, maneno hayo hayo, na akangoja kusifiwa.

Mdogo alifungua chumba chake, akaingia, akatoka. Akaomba maji ya kunywa. Bi Futi akaleta chai aliyokuwa ameiandaa, wakakaa kwenye vigoda pale pale koridoni, kila mmoja upande wake. Masanduku yalikuwa bado barazani.

"Dada," mdogo akaanza, akiitazama chai. "Mwezi wa nne shemeji zangu walikuwa wanamwoza binti yao. Wakapaka nyumba nzima rangi. Geti, ukuta wa mbele, madirisha, milango yote. Nilikuwa nimekaa nje nachambua mboga, nikawaona wanakuja mlango kwa mlango. Walipofika kwangu wakauruka. Wakapaka wa kabla yangu, wakapaka wa baada yangu. Nikamuuliza wifi yangu, akaniambia rangi imeisha. Makopo nayaona."

"Sikujua, mdogo wangu."

"Hukujua. Nikakaa na ule mlango miezi yote hiyo. Kila mgeni akija anajua hapa pana mtu asiyekuwa wa hapa. Nikajiambia, si nina kwetu? Nirudi kwetu, kwa dada yangu, huko hakuna wa kuniruka."

"Sijakuruka. Mimi nimekuachia chako. Nisingeweza kugusa ukuta wako bila ruhusa yako, baba aliandika..."

"Baba aliandika." Mdogo alitabasamu kwa uchungu. "Unakumbuka mama alikuwa anatupatia yai moja la kuchemsha? Unalikata kwa uzi. Unapima kwanza, halafu unakata, kiini katikati kabisa, unanipa nusu yangu. Hukuwahi kunipunja, dada, siwezi kukusingizia. Lakini hata siku moja hukuwahi kuchukua nusu yako ukaniambia shika, kula na hii."

"Ungeniomba ningekupa."

"Sikutaka kuomba. Nilitaka unipe. Wewe hujui kumpa mtu, dada, unajua kumgawia."

Bi Futi alisimama haraka, akaingia chumbani, akarudi na mzigo wa vibao. Alikuwa na uhakika kwamba hivi vitamaliza maneno. "Tazama. Vyako hivi. Nimevikata vyote, nimevipiga msasa, rangi yako ipo. Nilikuwa nakungoja. Niruhusu tu, nianze sasa hivi, kesho kutwa utakuta ukuta wako ni kama wangu."

Mdogo aliutazama ule uzi mweupe, fundo la ule uzi, jinsi lilivyofungwa.

"Kumbe na mimi ni mteja," alisema.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na nafasi. Bi Futi alikuwa na neno moja tu la kusema. Aseme, mdogo wangu, naogopa. Niliteleza bafuni nikalala kutwa nzima nikiita. Sitaki kufa peke yangu. Ukuta nimeupaka ili usiondoke. Angesema hivyo, nakuapia yule mwanamke aliyeleta jiko lake angeingiza masanduku ndani na kulia pamoja naye mpaka mchana. Lakini kusema hivyo ni kuomba, na Bi Futi kuomba hakujui zaidi ya kuomba ruhusa.

"Basi niruhusu," alirudia. "Neno moja tu."

Mdogo aliweka kikombe chini, taratibu, akahakikisha kimekaa upande wake. "Acha tu, dada. Usijisumbue."

Akatoka. Bi Futi alidhani ameenda kuchukua masanduku. Aliposikia viatu vyake vinaelekea kwenye kona, kwa muuza magodoro, alirudi kukaa kwenye kigoda chake.

Mambo ya watu waliochoka huenda haraka. Kabla ya adhuhuri muuza magodoro alikuwa ndani anatazama vyumba, mtu mnene, mcheshi, anagonga kuta kwa vifundo vya vidole na kusema pazuri, pazuri. Mdogo alilala kwa rafiki yake wa shuleni usiku ule na siku zilizofuata. Bi Futi alikwenda huko mara mbili. Mara zote mbili alikaribishwa vizuri, akapewa kiti, akaulizwa habari za cherehani. Hakuna kinachouma kama kukaribishwa vizuri na ndugu yako.

Wiki ya tatu wakaandikiana. Mwandishi wa mkataba alikuja na mashahidi, na alipofika kwenye korido alitaka vipimo. "Kuna mtu ana futi?" aliuliza. Kila mtu akamtazama Bi Futi. Ilikuwa shingoni. Akapiga magoti, mguu wake ule wa bafuni ukimuuma, akapima kutoka ukuta hadi ukuta. Futi nne na inchi mbili. Nusu ni futi mbili na inchi moja. Alimtajia mwandishi, na mwandishi akaandika. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia ndani. Walipomaliza alimshika dada yake mkono, akamwambia ajitunze, akapanda gari na masanduku yake mawili, furushi lake na jiko lake. Vile vibao aliviacha vimeegemea ukuta wa kulia, havijafunguliwa.

Muuza magodoro hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Bi Futi zaidi. Asubuhi ya kwanza alikuja kabla hajaingiza godoro hata moja, akasimama koridoni na kikombe cha kahawa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapiga ulimi.

"Mama, hivi vibao ni vya nini?"

"Vya ukuta huo."

"Na hii rangi iliyobaki hapa?"

"Ya ukuta huo huo."

"Ala," alisema, akavua shati.

Hakupima chochote. Alikata ule uzi kwa meno. Alikwangua lipu kwa kisu cha jikoni, akabandika puti kwa kiganja, na kabla haijakauka sawasawa akaanza kupigilia, misumari mitatu mdomoni, anaimba puani. Fremu ya kati aliiweka imeinama nusu inchi. Bi Futi aliiona toka alipokaa na cherehani yake, akaendelea kukanyaga. Muuza magodoro akapaka kijani, akapaka maziwa. Alipofika juu ya mlango wa uani hakuuona hata ule mstari wa penseli, akaburuta brashi kutoka kulia mpaka kushoto kwa mkono mmoja, akapita juu ya nusu ya Bi Futi kana kwamba hapakuwa na nusu yoyote.

"Nimepitiliza kidogo kwako, mama," alisema akijifuta jasho. "Naona haidhuru."

Bi Futi aliutazama ukuta. Ulikuwa mmoja.

"Haidhuru," alisema.

"Lakini mama, vibao vilikuwepo, rangi ilikuwepo. Siku zote ulikuwa unangoja nini?"

"Ruhusa."

Muuza magodoro aliangua kicheko, akadhani ametaniwa. "Ya nani?" akauliza, na bila kungoja jibu akatoka kwenda kupakua magodoro yake. Kazi yote ilikuwa imemchukua tangu kahawa mpaka saa tano.

Bi Futi alichukua simu. Alikaa nayo mapajani, kisha akapiga. Iliita mpaka mwisho, akapiga tena, na mara hii mdogo akapokea.

"Dada."

"Mdogo wangu. Ukuta wako umepakwa. Umependeza sana. Nilitaka nikwambie."

Nyuma ya mdogo palisikika redio, na mtu akigonga sufuria.

"Mimi sina ukuta huko, dada," alisema. Hakusema kwa hasira. "Ngoja nikuache, nina maji jikoni." Akakata.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi ili rangi ikauke. Watu waliokuwa wakipita walichungulia, wakasimama, wakaita na wengine waje waone. Hongera, Bi Futi, walisema, nyumba imekuwa nyumba. Naye akiwa ameshika simu aliwajibu mmoja mmoja, asante, asante, karibuni.